Mwanamke Peke Yake Kwenye Gesti: Mwongozo Kamili wa Kulala Salama, Kuanzia Kuulizia Chumba hadi Asubuhi

Ujumbe unaonifikia kutoka kwa akina dada wanaosafiri peke yao unafanana mno. Huyu alifuata mzigo Kariakoo, yule aliitwa semina Dodoma, mwingine alimsindikiza mgonjwa Muhimbili akawa hana pa kulala. Wote walikuwa waangalifu, wote walifunga mlango. Hata hivyo, saa nane za usiku kitasa kikazungushwa kutoka nje, au mtu akagonga akasema "mapokezi hapa" nao wakafungua.

Nikiwauliza walifanya nini walipofika, jibu huwa moja: walilipa, wakapewa ufunguo, wakaenda kuoga. Shida inaanzia hapo. Ukishalipa huna tena sauti ya kudai chumba kingine. Ukishavua viatu na kufungua begi, uchovu unakuzuia kuhama hata kama umeona komeo limelegea. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinategemea sharti moja: usilipe kabla hujaushika mlango.

Na lieleweke mapema: anayeingia chumbani kwa mwanamke bila ridhaa yake ndiye mkosaji, awe mgeni, mlinzi au mwenye nyumba. Hakuna hatua humu ambayo ukiisahau utakuwa "umejitakia".

Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Kabari mbili za mbao ngumu. Fundi seremala yeyote atakukatia kutoka kwenye mabaki. Urefu uwe kama sentimita 12, nyuma unene wa sentimita 3 hadi 4, mbele ichongoke kabisa. Upande wa chini gundisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu kabari tupu huteleza kwenye sakafu ya vigae. Toboa tundu nyuma, pitisha uzi mfupi wa kuivutia.
- Kufuli dogo ambalo funguo zake unazo wewe tu.
- Kamba ya manila ya mita mbili hivi.
- Khanga ya ziada, kwa dirisha lisilo na pazia.
- Plasta ya dukani ya kuzibia matundu.
- Filimbi, tochi na pawabanki iliyojaa.
- Salio la kupiga simu ya kawaida. Bando la intaneti halikusaidii mtandao ukiwa chini, na chini ya ukuta mnene wa gesti mara nyingi huwa chini.

Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa kitambaa. Uweke juu kabisa kwenye begi.

Hatua ya 1: Tafuta chumba ukiwa bado nyumbani

Waulize wanawake waliowahi kulala huko: wenzako wa biashara, mwalimu aliyehudhuria semina mwaka jana, mama lishe wa karibu na stendi unayofikia. Usimtegemee mpiga debe wala bodaboda, kwa kuwa wengi wao hulipwa na gesti kwa kila mteja wanayempeleka, na hawachagui kwa kuangalia usalama wako.

Nyumba za wageni za makanisa, ziwe za KKKT (Kanisa la Kilutheri) au za Katoliki, zipo katika miji mingi ya mikoa Tanzania, na mara nyingi zina geti linalofungwa na mlinzi anayejulikana. YWCA nao wana hosteli Dar es Salaam na Nairobi. Si lazima uwe muumini wa kanisa hilo.

Ukishapata majina mawili, piga simu mchana na uulize mambo haya:

- Mlango una komeo la ndani, au ni kitasa tu?
- Usiku mapokezi anakaa nani, na geti linafungwa saa ngapi?
- Kuna baa ndani ya uzio?
- Mna wateja wa saa moja moja?

Hilo la mwisho uliza bila haya. Gesti inayopangisha kwa saa ina watu wanaoingia na kutoka usiku kucha, na hakuna anayeshangaa kumwona mwanamume asiyemfahamu kwenye korido.

Kisha piga tena saa nne usiku, useme unataka tu kuhakikisha nafasi. Simu hii ya pili ndiyo yenye thamani. Atakayeipokea ndiye utakayekuwa mikononi mwake ukipata tatizo saa nane. Isipopokewa, au ikapokelewa na mtu aliyelewa, jibu unalo.

Hatua imekamilika ukiwa na sehemu mbili mkononi, si moja. Ya pili ndiyo itakayokupa ujasiri wa kusema "hapana" mbele ya ile ya kwanza.

Hatua ya 2: Fika kukiwa na mwanga, au subiri upambazuke

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku Tanzania mwaka 2023, wasafiri wengi kutoka Mwanza, Mbeya au Kigoma hushuka Kituo cha Magufuli, Mbezi, saa tisa au saa kumi za usiku. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapanda bodaboda kwenda kutafuta gesti gizani ili wapumzike saa tatu tu.

Usifanye hivyo. Baki ndani ya stendi, sehemu yenye taa na familia zenye watoto, begi likiwa katikati ya miguu. Kwa mabasi ya Nairobi yanayofika alfajiri, omba kukaa ofisini kwa kampuni ya basi mpaka mji uchangamke. Kuchoka kwa saa mbili zaidi hakulingani na hatari ya kuwa mtaani na begi wakati ambao hakuna duka lililo wazi.

Kama ni lazima uende usiku, agiza gari kwa programu ya simu, mtumie ndugu yako namba ya gari, halafu mpigie mapokezi ukiwa njiani ili mlinzi akusubiri getini.

Hatua ya 3: Mapokezi na kile kitabu cha wageni

Kitabu cha gesti kinataka jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, namba ya simu na sahihi. Tatizo ni kwamba kiko wazi mezani. Mgeni atakayefika baada yako ataandika mstari wa chini huku akisoma wa kwako: jina la kike, chumba namba 7, na namba ya simu. Kuna wanaume hupata "namba za dada wa chumba cha pili" kwa njia hiyo hiyo.

Andika jina la kweli na kitambulisho cha kweli. Ukipatwa na jambo, kitabu hicho ni ushahidi wako. Ila kwenye simu weka laini ambayo haina WhatsApp yenye picha yako, kama unayo. Namba ya chumba mwombe aandike baadaye, mgeni mwingine akiwa hayupo. Mwambie kwa upole: "Dada, namba ya chumba usiitaje kwa sauti, niandikie kwenye karatasi." Kama ameshaitaja mbele ya watu waliokaa kwenye makochi, omba chumba kingine. Ni haki yako na haigharimu kitu.

Usiseme uko peke yako. "Kaka yangu anamalizia kupaki gari" au "mwenzangu anafika baadaye" inatosha. Kisha omba taulo mbili. Sipendi kumfundisha mtu kudanganya, lakini hapa unaficha ratiba yako mbele ya watu usiowajua, na huo ni ulinzi halali.

Chagua chumba kwa vigezo hivi: kwenye jengo la ghorofa, omba ghorofa ya kwanza au ya pili. Chini kabisa madirisha yanafikika kwa mkono. Juu sana ni mbali ukitokea moto. Kwenye gesti isiyo na ghorofa, omba chumba kilicho karibu na mapokezi, si kile cha mwisho kinachotazama uzio wa nyuma, hata wakikisifia kwamba "kimetulia".

Sasa sema: "Naomba nikione kwanza, nikiridhika nakuja kulipa." Akikataa kukuonyesha chumba kabla ya malipo, ondoka. Una jina la pili.

Hatua ya 4: Kagua mlango

Hatua hii usiifanye haraka hata kama mhudumu anaguna.

Mwache yeye atangulie kuingia, awashe taa, afungue choo na kabati. Wewe baki kizingitini mpaka uone chumba hakina mtu. Kisha atoke yeye ndipo uingie.

*Fremu.* Kabla ya kitasa, tazama mbao inayokizunguka. Ukiona kiraka cha mbao mpya, mipasuko iliyojazwa putty au misumari mingi pasipostahili, mlango huo umewahi kuvunjwa. Kilichovunjwa mara moja hakirudi na nguvu yake. Omba kingine.

*Kitasa.* Vitasa vya bei nafuu vya ufunguo wa mdomo hutengenezwa kwa mifumo michache, hivyo ufunguo wa chumba namba 4 unaweza kufungua namba 9. Zaidi ya hapo, mapokezi wana ufunguo wa akiba, na hujui wageni wangapi waliondoka na nakala. Kwa hiyo kitasa peke yake, hata kikiwa kipya, kihesabu kama pazia. Kwenye hoteli za kadi ni vivyo hivyo: kadi ya wahudumu hufungua vyumba vyote. Kinachowazuia ni komeo unalofunga kwa ndani.

*Komeo.* Liingize, litikise kwa nguvu juu na chini. Angalia limefungwa kwa skrubu au kwa misumari, na kama linaingia kwenye tundu imara la fremu au kwenye kibati chembamba kinachopinda kwa kidole. Halafu mwombe mhudumu abaki nje, jifungie, umwambie asukume. Mlango ukicheza zaidi ya unene wa kidole, komeo hilo ni pambo.

*Pete za kufuli upande wa nje.* Wengi hawazitazami. Mlango ukiwa na komeo au pete za nje, mtu anaweza kukufungia ndani. Dawa yake ni kufuli lako: kabla hujaingia kulala, lifunge kwenye ile pete iliyo kwenye fremu, peke yake. Pete ikishajaa, komeo la nje haliwezi kuingia. Asubuhi unalitoa.

*Upande mlango unaofungukia.* Ukifunguka kuelekea ndani, kabari itafanya kazi. Ukifunguka kuelekea korido, kabari haina maana. Utatumia kamba, kuifunga kwenye mkono wa kitasa na kuivutia kwenye mguu wa kitanda kizito au nondo ya dirisha.

Umefaulu kama mlango una fremu nzima na komeo lisilocheza. Sasa nenda ukalipe, uchukue risiti.

Hatua ya 5: Dirisha, dari na choo

Dirisha la nondo linamzuia mtu, halizuii mkono. Wezi hutumia mti mrefu wenye ndoano kuvua begi, suruali na simu kupitia wavu uliochanwa. Ndiyo maana unasikia mtu ameibiwa akiwa amelala na mlango haujaguswa. Pitisha kiganja kwenye wavu wote kutafuta palipochanwa, kisha weka begi na simu upande wa mbali na dirisha, hata kama soketi ya kuchajia iko chini yake.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma lina kifungio kidogo ambacho huharibika upesi. Laza kijiti kigumu kwenye reli yake, kipimwe kiingie sawasawa. Hata kipande cha mpini wa fagio kinatosha, na dirisha halisogei.

Halafu inua macho. Kwenye gesti za zamani kuta za vyumba huishia usawa wa dari, na juu yake ni uwazi mmoja kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Kama kuna kipande cha dari kilichofunguka juu ya choo au kabati, mtu wa chumba cha jirani ana njia. Hicho nacho ni chumba cha kukataa.

Dirisha lenye nondo lina upande mwingine: moto ukiwaka, hutatokea hapo. Mlango ndiyo njia yako pekee. Toka koridoni, hesabu milango kutoka chumba chako hadi ngazi au geti, kwa kugusa ukuta kama vile taa zimezimika. Angalia pia kama mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo. Ukikuta hivyo, waambie wazi kwamba si sawa.

Hatua ya 6: Kamera za siri, kwa dakika tano

Jambo hili lipo. Machi 2019 polisi wa Korea Kusini walitangaza kwamba wageni wapatao 1,600 walikuwa wamerekodiwa kwa siri katika vyumba 42 vya moteli 30, na picha kurushwa moja kwa moja mtandaoni. Kamera zilikuwa kwenye visanduku vya televisheni, soketi za ukutani na vishikilio vya mashine za kukaushia nywele.

Zima taa, funga pazia, washa tochi ya simu na uipitishe polepole kwenye vitu vinavyotazama kitanda na bafu: king'amuzi, saa, soketi, kengele ya moshi, feni. Lenzi hurudisha nukta ndogo yenye mng'ao. Tundu lolote usilolielewa, libandike plasta. Chaja au saa usiyoihitaji, ichomoe uiweke droo.

Kile kipimo cha kugusa kioo kwa ncha ya kidole kinachosambazwa sana usikitegemee. Vioo vya kawaida navyo hutoa matokeo tofauti. Bora kufunika kioo unachokitilia shaka kwa khanga.

Hatua ya 7: Fedha na kutoka mchana

Ukutani utaona tangazo: uongozi hautahusika na upotevu wa mali ambayo haikukabidhiwa mapokezi. Lichukulie kama lilivyoandikwa. Kompyuta ukiikabidhi, iandikwe kwenye karatasi yenye jina la aliyepokea, sahihi na saa.

Fedha za mzigo usizilaze chumbani hata kidogo. Ziache benki au kwenye simu, uzitoe asubuhi kwa wakala aliye karibu na duka unalonunulia. Mwanamke anayejulikana mapokezi kwamba "amekuja kufunga mzigo" anajulikana pia kwamba ana mamilioni, kwa hiyo biashara yako usiisimulie pale.

Ukitoka, acha taa au redio ikiwaka. Kama mlango una pete za nje, funga kwa kufuli lako pamoja na kitasa. Usafi mwambie afanye ukiwepo, mlango ukiwa wazi. Jioni nunua maji na chakula kabla giza halijaingia ili usilazimike kutoka. Kinywaji kifunguliwe mbele yako, na ukikiacha mezani ukaenda msalani, usikirudie. Kutiliwa dawa ya kulevya kwenye kinywaji, Nairobi wanaita kuwekewa mchele, na mwathirika huzinduka keshoye bila simu wala fahamu ya kilichotokea.

Ukirudi ukahisi mtu anakufuata kwenye ngazi, usielekee chumbani. Shuka tena mapokezi, ukae hapo, umwombe mlinzi akusindikize.

Hatua ya 8: Kujifungia usiku

Fuata mpangilio huu kila siku, hata siku unayojisikia salama:

1. Pitia chini ya kitanda, kabatini na bafuni, ukiwa umeacha mlango wazi.
2. Weka kufuli kwenye pete ya nje, kama ipo. Ingia, funga kitasa kwa ufunguo.
3. Uache ufunguo ndani ya tundu, umeuzungusha kidogo usiwe wima. Wa akiba hautaingia kutoka nje, hakuna wa kuchungulia, na ukitokea moto hutautafuta gizani.
4. Ingiza komeo.
5. Sukuma kabari chini ya mlango upande wa kitasa, mbali na bawaba. Karibu na bawaba haishiki, kwa sababu anayesukuma ana nguvu kubwa upande wa pili. Igonge kwa kisigino, kisha vuta mkono wa kitasa kuelekea kwako kwa nguvu zote. Mlango usiposogea, umemaliza. Kabari ya pili iweke sentimita chache pembeni.
6. Jaribu kuitoa kwa ule uzi ukiwa umefumba macho. Ukishindwa, umeikaza kupita kiasi.
7. Viatu, tochi, filimbi na simu viwe mahali mkono unafika ukiwa umelala.

Sasa mtumie mtu mmoja wa kuaminika jina la gesti, mtaa, namba ya chumba na simu ya mapokezi. WhatsApp hukuruhusu kumwonyesha mahali ulipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 8. Patana naye neno ambalo ukilitamka kwenye simu anajua hauko huru kuzungumza, na saa ya asubuhi ambayo asipokusikia anaipigia gesti. Mtu huyo ajue pia kwamba usiku huo simu yake isizimwe.

Simu nyingi za miaka ya karibuni hupiga namba ya dharura ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe imewashwa, kabla hujaihitaji.

Hatua ya 9: Mlango ukigongwa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na sababu ni malezi. Tumefundishwa kwamba kumjibu mtu mlango ukiwa umefungwa ni utovu wa adabu. Usiku, gestini, weka adabu hiyo kando.

Usifungue hata kidogo "kuchungulia". Ongea ukiwa pembeni ya mlango, sauti kavu:

"Nani?"

"Mhudumu, dada. Nimeleta maji."

"Asante kaka, yaache hapo nje."

Akisisitiza, sema: "Subiri nampigia mapokezi." Piga kweli, ile namba uliyoihifadhi mchana, uulize kama wamemtuma mtu. Mhudumu wa kweli atasubiri. Mwingine utasikia nyayo zake zikiondoka.

Kisingizio kinachofanikiwa kuliko vyote ni kwamba kuna hitilafu: bomba linavuja, malipo hayajaonekana, umesahau kusaini. Hakuna kati ya hayo kisichoweza kungoja saa moja asubuhi. Kama ni kweli kuna moto, utasikia wengi, si mmoja anayenong'ona.

Na wakisema ni polisi? Misako kwenye nyumba za wageni ipo, kwa hiyo usiwatukane wala usikimbilie kufungua. Uliza jina, namba na kituo. Waambie unawasiliana na mapokezi na unapiga 112 kuthibitisha, kisha mtaonana mapokezi penye taa na watu. Ukikaguliwa mwilini, sheria ya Tanzania inataka mwanamke akaguliwe na mwanamke, kwa staha. Lidai hilo kwa utulivu.

Kama si gesti bali nyumba ya kukodi kwa siku

Januari 2024 wanawake waliuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo maelfu waliandamana katika miji ya Kenya kudai mauaji hayo yakomeshwe. Nyumba hizi hazina mapokezi, kitabu wala mhudumu wa kukusikia. Nakala za funguo ziko kwa mwenye nyumba, kwa msafishaji na kwa nani mwingine hujui.

Hatua ya 4 hadi ya 8 zinafaa vilevile, na ongeza mawili. Jitambulishe kwa mlinzi wa geti, umwambie jina lako na nyumba uliyofikia, uhifadhi namba yake. Pili, kama umekuja kukutana na mtu mliyefahamiana mtandaoni, mkutane mgahawani mchana, na anwani ya unapolala asiijue. Aliyemwalika mwenzake kwa nia njema haudhiki kwa hilo.

Hatua ya 10: Mtu akilazimisha kuingia

Kabari inakupa muda, nao utumie kwa kelele. Puliza filimbi na upige ukuta wa jirani. Usipige kelele ya "mwizi", kwa sababu watu wanaweza kumpiga asiyehusika, na wengine huogopa kutoka. Taja namba: "Jamani nisaidieni, chumba namba saba!" Anayesikia namba anajua pa kwenda. Huku simu inapiga 112 Tanzania, au 999 na 112 Kenya.

Akiwa ameingia na anataka mali, mpe. Simu na fedha vinanunuliwa tena.

Ukifanyiwa ukatili wa kingono, saa zinazofuata zina uzito, ingawa najua ni kumwomba mtu jambo gumu:

- Usioge, usifue. Nguo ulizovaa zihifadhi kwenye karatasi au khanga safi. Mfuko wa plastiki huozesha ushahidi.
- Nenda hospitali ya serikali haraka. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inaongeza nafasi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5, nayo hufanya kazi vizuri zaidi mapema.
- Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3, ambayo daktari hujaza matokeo ya uchunguzi wake. Kenya ni fomu ya P3, na namba 1195 hupokea waathirika bure saa 24.
- Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri wako chini ya paa moja, ili usihadithie tukio lile lile kwenye milango mitatu. Amana, Ilala, na Mnazi Mmoja, Zanzibar, ni miongoni mwao.
- Piga picha mlango, komeo na ukurasa wa kitabu cha wageni kabla havijatengenezwa au kurekebishwa. Usikubali "kumalizana" na mwenye gesti.

PEP humezwa siku 28 bila kuruka. Kama safari yako inaisha kabla ya hapo, omba karatasi inayoonyesha dawa uliyoanzishiwa na tarehe, uendelee nayo kwenye kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani.